Michezo Niliyoipenda Mwaka 2025, na Saa Zetu za Mapumziko



Kila mwaka unapokwisha kurasa hizi hujaa hesabu: mishahara iliyopanda na isiyopanda, waliofukuzwa na waliorudishwa kazini, matawi mapya na matawi yaliyolala. Hesabu hizo ni za lazima, wala sina nia ya kuzipunguza. Lakini mwaka 2025 umekwisha, na mimi naomba nafasi nitoe hesabu ya namna nyingine, ambayo najua wako watakaoicheka. Nataka kueleza michezo ya video niliyoipenda kuliko mingine yote mwaka huo, na kwa nini naona jambo hili linakihusu chama.

Mimi si kijana. Nina umri wa miaka arobaini na moja, nina watoto watatu, na nafanya kazi katika kiwanda cha maziwa hapa Mbarara, upande wa kufungasha. Nilitoka Masisi nikaingia Nakivale mwaka 2008, na mama yangu yuko huko hadi leo. Siku yangu ya mapumziko, kama nauli ipo, huenda kumwona. Kama haipo, hubaki Kakoba ninakopanga chumba. Na kote kuwili, huko kambini na huku mjini, nikimaliza shughuli za nyumbani huingia katika kibanda cha gemu. Neno hili "kibanda" kila mtu wa Uganda analijua: ni chumba cha mbao au cha matofali ambamo watu hulipa kidogo ili watazame sinema au mpira, na siku hizi ili wacheze gemu. Nikiingia, vijana wa Kakoba huniuliza, "Mzee, umemfuata mtoto?" Nawajibu kwamba nimekuja kuwafunga mabao. Mara nyingi hunifunga wao.

Ndugu mmoja wa kamati ya tawi letu alinikuta humo akasikitika. Akaniambia kwamba mfanyakazi mwenye fahamu hutumia saa zake za ziada kusoma na kuhudhuria mikutano, si kubonyeza vitufe kama mtoto. Namheshimu ndugu huyo, kwani amekipigania chama miaka mingi. Lakini katika hili hatukubaliani.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inasema kwamba kila mfanyakazi apewe mapumziko, saa za kazi zenye kiasi, na likizo yenye malipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa juma, na siku nzima ya kupumzika baada ya siku sita. Haki hizi hazikudondoka kutoka mbinguni. Wafanyakazi wa Chicago waliuawa mwaka 1886 katika madai ya saa nane za kazi, na ndiyo sababu tunaadhimisha Mei Mosi. Waliodai saa nane za kazi walidai pia saa nane za kulala na saa nane za kufanya wanavyopenda wenyewe. Hawakuandika popote kwamba saa hizo za mwisho ni za kusikiliza hotuba peke yake.

Saa zile ni zetu. Basi swali si kama mfanyakazi acheze au asicheze. Swali ni mchezo gani unamfaa, na ni nani anayefaidika na saa zile tulizozidai kwa jasho na damu. Hilo ndilo ninalotaka kulijibu.

Nimeweka vipimo vitatu. Cha kwanza, mchezo umeniacha na kiasi gani mfukoni? Cha pili, umenikutanisha na nani? Cha tatu, umeniruhusu kuondoka kwa wakati, nikalale, niwahi zamu ya saa moja asubuhi? Magazeti ya Ulaya na Marekani yana vipimo vingine. Mchezo uliopewa tuzo ya mwaka 2025 huko Marekani mwezi wa Desemba unaitwa Clair Obscur: Expedition 33, na umetengenezwa na kikundi cha vijana wa Montpellier, Ufaransa. Wanasema ni mzuri sana, nami sibishi. Ila uliuzwa dola 50 hivi, ambazo kwa fedha zetu zinakaribia shilingi 180,000. Kumbukeni kwamba kima cha chini cha mshahara kilichomo katika sheria ya Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984 na hakijabadilishwa tangu hapo. Kwa kima hicho mtu angefanya kazi miezi thelathini, bila kula, ili anunue mchezo mmoja, na mashine ya kuchezea bado hajainunua. Kwa hiyo msishangae kwamba michezo yangu ya mwaka 2025 mingi si ya mwaka 2025. Kwetu sisi, mchezo huwa mpya siku unapotufikia.

Nafasi ya kwanza naupa mpira wa miguu, ule wa zamani unaoitwa FIFA 14, ninaouchezea Nakivale, karibu na Base Camp, katika kibanda cha jirani ya mama yangu. Mashine yake ni PlayStation 2, na umeme wake ni wa sola ya juu ya bati. Televisheni ni ile nene ya zamani. FIFA 14 ilitoka mwaka 2013 na ndiyo ya mwisho katika mfululizo huo kutengenezwa kwa mashine hiyo. Tangu hapo kampuni iliyoutengeneza imeachana na shirikisho la mpira la dunia, na mchezo umebadilishwa hata jina. Lakini katika kibanda chetu saa imesimama: Messi yuko Barcelona, Rooney yuko Manchester United, Drogba yuko Galatasaray. Watoto waliozaliwa mchezo huo ukiwa tayari sokoni wanawajua wachezaji hao kama wanavyowajua wajomba zao.

Naupa nafasi ya kwanza kwa sababu ya kipimo cha pili. Benchi la kibanda kile hukaliwa na Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Mhabeshi, na siku za soko hata vijana Wanyankole wa vijiji vya Isingiro huja. Kanuni ni moja: anayefungwa huachia pedi, anayefuata anakaa. Hakuna anayeulizwa ametoka zoni gani, Rubondo au Juru, wala wazazi wake walikimbia vita ipi. Ubishi upo, tena mwingi, na lugha yake ni Kiswahili, hata kwa wale ambao nyumbani hawakisemi. Kijana mmoja mdogo aliyenifunga mabao manne aliniambia kwa upole, "Yaya, achia pedi, wengine wanangoja." Mechi ni shilingi 500. Sola ikiisha nguvu jioni, kila mtu anakwenda kwake, apende asipende. Kwa hiyo na kipimo cha tatu kimetimia, ingawa ni kwa shida ya umeme.

Hata hivyo siwezi kuisifu mashine hiyo bila kusema jambo lingine, kwa kuwa mimi ni mtu wa Masisi. PlayStation 2 iliingia sokoni mwaka 2000. Mwaka huo huo bei ya koltani ilipaa duniani, kwa kuwa madini hayo yanahitajika katika simu, kompyuta na mashine za michezo, na kwetu Kivu wenye bunduki waligombea machimbo. Hadi leo hali haijatulia: machimbo ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi, yaliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Aprili 2024. Wanaochimba huko hutumia sururu, koleo na mikono. Hawana mkataba, hawana kofia ya chuma, na hawana chama. Katika benchi la kibanda kuna vijana ambao familia zao zilikimbia ardhi hiyo hiyo, na sasa wanachezea mashine ya aina ambayo bila koltani isingekuwapo. Sisemi waache kucheza. Nasema mfanyakazi wa machimbo ni ndugu yetu, naye yumo ndani ya mashine ile kama vile mchuma chai alivyomo ndani ya kikombe.

Nafasi ya pili ni Matatu. Sizungumzii magari ya Kenya, bali mchezo wa karata ambao Uganda nzima inaujua, kuanzia steji ya bodaboda hadi kantini ya kiwanda. Kampuni ya Kola Studios ya Kampala iliutia katika simu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Unapewa karata zako, unalazimika kufuata aina au namba iliyowekwa chini, anayetupiwa mbili anaokota, na mwenye saba ya aina inayotakiwa aweza kuukata mchezo papo hapo. Hapo kila mmoja huhesabu alama alizobaki nazo, na mwenye chache ndiye mshindi. Unaweza kucheza na simu peke yako, na unaweza kucheza na mtu.

Niliupenda kwa kuwa umetengenezwa na watu wa hapa kwa ajili ya watu wa hapa. Hakuna aliyehitaji kutufundisha kanuni. Katika kiwanda chetu fundi wa mitambo, ambaye kwa kawaida hazungumzi na sisi wa kufungasha, sasa hukaa nasi mapumziko ya mchana kwa sababu ya Matatu. Mwezi wa Agosti tulipokuwa na malalamiko juu ya kelele za mashine mpya, ndiye aliyetueleza ni sehemu gani imelegea na nani ajulishwe. Mazungumzo hayo yalianzia kwenye karata. Ndugu wa kamati, hebu lipime hilo.

Nafasi ya tatu ni Nyoka, ule wa simu ndogo za vitufe. Mhandisi wa Finland, Taneli Armanto, ndiye aliyeutengeneza kwa ajili ya simu ya Nokia ya mwaka 1997. Hauhitaji intaneti wala bando. Nyoka anakula, anarefuka, na akijigonga au akigonga ukuta amekufa.

Mchezo huu nauweka hapa kwa ajili ya shemeji yangu, mchumaji wa chai upande wa Bushenyi. Yeye ndiye bingwa wa Nyoka katika ukoo wetu, na sababu yake si ya kuchekesha. Akishamaliza kuchuma hukaa na mfuko wake kando ya barabara akingoja lori la kupima majani. Siku nyingine lori huja baada ya saa moja, siku nyingine baada ya saa tatu. Analipwa kwa kilo, na majani yakingoja juani hunyauka na kupungua uzito. Hivyo nyoka wake anarefuka huku kilo zake zinapungua. Aliniambia, "Shemeji, ukiona mtu ana alama nyingi za Nyoka, ujue lori lilichelewa." Saa zile si za mapumziko. Ni saa za kazi zisizolipwa, hata kama ameshika mchezo mkononi. Mtu aliyefungwa mahali na kazi ya mwajiri hajapumzika. Naomba wenzetu wa mashamba wajadili jambo hilo katika matawi yao kwa uzito wake.

Nafasi ya nne ni mchezo ambao sijawahi kuushika, ila niliutazama ukichezwa. Mpwa wangu anayesoma hapa Mbarara aliniita jioni moja: "Mjomba, njoo usikie, wanasema Kiswahili." Katika simu yake alikuwa na video ya Tales of Kenzera: Zau, mchezo uliotoka mwezi wa Aprili 2024. Aliyeuanzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Mchezaji akitaka aweza kuusikia wote kwa Kiswahili. Habari yenyewe ni ya kijana mganga, Zau, aliyefiwa na baba yake, naye anamwendea mungu wa mauti na kumwomba wapatane ili baba arudi. Salim aliutunga baada ya kumpoteza baba yake mwenyewe.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikatazama hadi betri ya simu ikaisha. Baba yangu alifia Masisi mimi nikiwa Nakivale, na sikupata kumzika. Sikutegemea kwamba gemu, kitu ambacho nilikijua kwa mabao na risasi, lingenisemesha juu ya jambo hilo, tena kwa lugha ninayoiotea ndoto. Mpwa wangu aliniona nimenyamaza, naye akanyamaza.

Basi sikilizeni na upande wa pili. Miezi michache tu baada ya mchezo huo kutoka, baadhi ya waliouunda walipunguzwa kazini. Wala si wao peke yao. Miaka hii ya karibuni maelfu ya watengeneza michezo wameachishwa kazi Marekani, Ulaya na Asia, hata katika makampuni yenye faida kubwa. Nilidhani watu wa kompyuta ni mabwana wadogo wanaokaa katika viti vya kuzunguka. Kumbe nao huambiwa asubuhi kwamba nafasi yako haipo. Tarehe 26 Julai 2024 waigizaji wa Marekani wanaotoa sauti na miondoko katika michezo ya video waligoma kupitia chama chao, SAG-AFTRA. Hoja kubwa ilikuwa hii: kampuni isichukue sauti ya mtu, ikaitia katika kompyuta, kisha ikaitumia milele bila idhini yake na bila malipo ya haki. Walishikilia karibu miezi kumi na moja, hadi Juni 2025, wakapata mkataba wenye kinga hizo. Kwa hiyo unaposikia sauti katika gemu, jua kwamba nyuma yake yuko mfanyakazi mwenzako, na huenda aligoma.

Nafasi ya tano naiacha wazi kwa mchezo ambao sijaucheza wala kuutazama, ila mwenyewe nimemfuatilia. Lual Mayen ni mtu wa Sudan Kusini. Alizaliwa wazazi wake wakiwa safarini kukimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza mahali walipokuwa wakiandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama alikuwa akishona nguo. Hakumcheka. Aliweka akiba miaka mitatu, akampa dola 300 akanunue. Kambini hapakuwa na umeme, na kijana alikuwa akitembea saa tatu ili aichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo wa amani aliouita Salaam, na toleo la kwanza aliwagawia wenzake kwa Bluetooth, simu kwa simu. Mwaka 2018 alitunukiwa katika sherehe kubwa ya michezo ya video huko Marekani, naye ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Junub Games. Katika mchezo huo mchezaji ni mtu anayekimbia vita, na lazima apate maji, chakula na dawa ili aendelee kuishi.

Wengine husimulia habari hii ili waseme kwamba kila mkimbizi akijitahidi atafika Washington. Mimi sisemi hivyo. Kwa mmoja aliyefika wako maelfu waliobaki, na hawakubaki kwa uvivu. Mimi namtazama yule mama. Fundi cherehani wa kambini, kwa miaka mitatu, aliweka akiba ili mtoto wake apate kompyuta, kwa kuwa aliona kwamba mtu hahitaji posho na maharage peke yake. Huyo alilielewa suala la mapumziko na furaha kuliko waajiri wengi, na kuliko baadhi yetu tulio katika chama.

Sasa nafika kwenye mchezo ambao katika vipimo vyangu umepata sifuri mara tatu. Ni ule wa kamari wa ndege inayopaa. Unaweka fedha katika simu, ndege inapanda, fedha inaonekana kuongezeka, na usipoitoa kabla ndege haijaondoka umepoteza yote. Unafanana na gemu kwa rangi na sauti, na mara nyingi uko katika kibanda hicho hicho, nyuma ya pazia, pamoja na mashine za kutumbukiza sarafu. Lakini mimi nasema si gemu. Katika gemu unayeshindana naye amekaa karibu nawe kwenye benchi, na akikushinda fedha yako hakuichukua. Katika kamari unashindana na hesabu ambazo mwenye nyumba amezipanga kabla hujaingia.

Siandiki kwa kusikia. Mwezi wa Machi, siku ya mshahara, katika kibanda kimoja cha mjini, niliingia nyuma ya pazia kwa dakika kumi kungoja zamu yangu ya pedi. Nikatoka baada ya saa mbili. Nilipoteza shilingi 85,000, nazo zilikuwa ada ya mtoto wa pili. Nilimwambia mke wangu usiku ule ule, maana niliona nikingoja asubuhi nitatunga uongo. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa mtoto tumwambie nini?" Ada ililipwa kwa kuchelewa, na kwa juma mbili mtoto alikaa nyumbani akijua ni kwa nini. Tangu hapo natumia vipimo vitatu nilivyowaeleza. Sikuvipata kitabuni.

Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari Uganda, na mwezi wa Januari 2019 serikali ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya kwa makampuni ya kubeti. Pamoja na hayo, nenda mwenyewe siku ya mshahara ukahesabu ni vijana wangapi wenye umri huo wako nyuma ya pazia. Mwajiri akikata shilingi 5,000 katika mshahara wetu bila sababu tunasimamisha kazi. Mwenye kamari akichukua 85,000 tunasema ni bahati mbaya. Hilo si sawa. Fedha ni ile ile na jasho ni lile lile.

Lakini kukemea peke yake hakutoshi. Mtu aliyetoka zamu ya usiku, anayeishi chumba kimoja na watu watano, ataingia mahali penye taa na watu. Kama mahali hapo pekee ni pa kamari, ataingia humo. Hivyo basi natoa mapendekezo yafuatayo kwa matawi yote, ya viwanda na ya mashamba.

Kwanza, katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja tudai chumba cha mapumziko chenye viti, umeme na televisheni, kiwandani na katika makambi ya wachumaji. Si hisani, ni sehemu ya haki iliyomo katika kifungu cha 40.

Pili, ratiba ya zamu ibandikwe juma moja kabla. Mapumziko usiyojua yatakuwa lini si mapumziko.

Tatu, saa za kungoja lori, kungoja mzani au kungoja mashine ziandikwe na zihesabiwe kuwa saa za kazi.

Nne, kila tawi lichange kidogo linunue mashine moja iliyotumika, hata kama ni ya zamani, na ubao mmoja wa omweso kwa wazee wetu na kwa wale wasiopenda vitufe. Mchezo wa mashimo 32 na kete 64 tulikuwa nao kabla ya umeme: Waganda wanauita omweso, Wanyarwanda igisoro, na watu wa pwani wana bao lao. Tukishapata vifaa, tuwe na kombe la matawi kila robo mwaka, bila dau na bila kiingilio. Nakivale iwe na timu yake, kwa sababu wenzetu wengi wanaofanya vibarua mashambani na mjini wanatoka huko, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi kama sisi. Mwajiri anayetaka kututenganisha kwa kusema "hawa ni wageni, watafanya kwa bei ndogo" atapata shida kidogo akikuta tumeshakaa benchi moja.

Tano, siku ya mshahara wajumbe wa tawi wawepo mahali hapo pa mchezo, wakae na vijana, wacheze nao, na wafungwe mabao kama mimi. Mjumbe aliyefungwa mabao manne na kijana wa kufungasha, akaachia pedi bila kununa, atasikilizwa siku atakapomwita mkutanoni.

Ndugu yangu wa kamati, nakualika. Jumapili ijayo nitakuwa Kakoba kuanzia saa nane mchana, mechi ya kwanza nitakulipia mimi, na saa kumi na mbili jioni tutaondoka wote wawili, kwa kuwa Jumatatu zamu ni saa moja. Na ninyi wasomaji wengine, kama mnao mchezo wenu mlioupenda mwaka uliokwisha, leteni habari zake kwa mwakilishi wa tawi. Semeni uliwaachia kiasi gani mfukoni, uliwakutanisha na nani, na kama uliwaruhusu kwenda kulala.

Mapumziko ni haki. Tuyatumie pamoja.

Umoja ni nguvu.